Mji Wakati wa Taa za Kwanza: Kupiga Picha Kitale, Bungoma na Bumula Baada ya Jua Kuchwa

Wenye kamera wengi wa sehemu zetu za Magharibi hufunga kazi mara jua linapoanza kuinamia upande wa Uganda. Tangu siku za kamera za sanduku tulifundishwa kanuni moja tu: mpiga picha aligeuzie jua mgongo, na wanaopigwa wakunje nyuso. Kanuni hiyo si mbaya kwa picha za arusi na za watoto waliobatizwa, lakini imetuachia pengo kubwa. Fungua albamu za nyumba zetu, utaona Kitale ya saa nne asubuhi, Bungoma ya saa sita, na Bumula siku ya mkutano wa chifu. Aghalabu huoni hata moja inayoonyesha miji hiyo saa moja ya jioni, na hali hiyo ndiyo saa ambayo wenyeji wengi wametoka kazini, wako barabarani na sokoni, na kila mmoja anafanya shughuli yake mwenyewe, si ya tajiri wake.

Nataka kuandika habari za saa hiyo, kwa kuwa nimeitumia miaka kadhaa kila nitokapo afisini, na kwa kuwa ina desturi zake ambazo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havimwelezi sawasawa mtu akaaye huku kwetu. Vitabu hivyo husema kwamba baada ya jua kuchwa mpiga picha anao wakati wa kutosha wa kutembea, kuchagua mahali, hata kubadili nia. Huko ni kweli. London mwezi wa Juni mwanga wa jioni hukaa karibu dakika 50 kabla ya giza kushika. Sisi tu jirani wa Ikweta. Jua letu halishuki kwa mshazari kama mtu ateremkaye kilima polepole, bali huanguka wima kama embe lililoiva. Mwanga unaobaki nyuma yake hauzidi dakika 21 au 22, na katika hizo zilizo njema kabisa ni kama kumi tu.

Wema wa hizo kumi ni huu. Kabla yake mbingu ina nuru nyingi mno, na taa za maduka zinaonekana kama hazikuwashwa. Baada yake mbingu imekuwa shimo jeusi. Taa zinang'aa peke yake, paa za nyumba zimepotea, na mji mzima waonekana kama vitundu vya moto katika gunia. Katikati ya hali hizo mbili, nuru ya mbingu na nuru ya taa huwa sawa katika mizani. Mbingu ni samawati iliyokolea, ukingo wa paa unaonekana, na taa ya duka inaonyesha rangi yake. Jicho la binadamu husamehe tofauti kubwa za nuru, lakini kamera haisamehi. Kwa hiyo yafaa kuingojea saa ambayo hakuna kitu cha kusamehe.

Tena ni lazima kuijua saa yenyewe. Bungoma, mwanzoni mwa Novemba, jua hutua yapata saa kumi na mbili na nusu. Katikati ya Februari hutua karibu saa moja kamili. Ukifuata saa za Nairobi zinazotangazwa, ongeza kiasi cha dakika kumi, kwa maana sisi tuko magharibi zaidi na jua hutufikia baadaye. Rafiki yangu wa Mombasa, ambaye huniandikia habari za picha zake, amekwisha kukunja vyombo vyake tangu robo saa au karibu nusu saa wakati mimi natoa kamera mkobani.

Vyombo si vingi. Tripodi, yaani kile kigoda cha miguu mitatu, ndicho cha kwanza, kwa sababu kamera itaacha jicho lake wazi kwa muda wa sekunde mbili, nne, hata nane, na hakuna mkono wa mtu usiotetemeka muda huo. Asiye nacho na achukue mfuko mdogo, autie maharage kilo moja, auweke juu ya ukuta au juu ya kiti cha pikipiki iliyozimwa, na kamera ailaze juu yake. Maharage hujifinyanga yakashika kamera vizuri, na kesho yake yanapikwa. Ile taa ya kamera inayomulika ghafula ifungwe kabisa. Hufika hatua chache tu, humfanya mtu aliye mbele awe mweupe kama aliyepakwa unga, na mji wote ulio nyuma yake humezwa na giza.

Jambo hili si jipya duniani. Paul Martin alipiga picha za London usiku kwa nuru ya taa za gesi katika miaka ya 1890, wakati ambapo wengi walidhani haiwezekani. Baadaye mtu mmoja aliyezaliwa Transilvania, Gyula Halász, akajiita Brassaï, akazunguka Paris usiku baada ya usiku, na picha zake zikatoka kitabuni katika majira ya baridi ya 1932 kuingia 1933. Yasimuliwa kwamba hakuitegemea saa ya mkononi: aliwasha sigara, na ilipokwisha alijua kamera imepata nuru ya kutosha, penye giza zaidi alichukua sigara iliyo nene zaidi. Huku kwetu picha za namna hiyo zilikuwa hazina budi kungojea taa. Mombasa na Nairobi ndizo zilizopewa kampuni za stima mapema, tangu 1908. Mashamba ya Bungoma yalikaa na koroboi na karabai kwa muda wa miaka mingi baada ya hapo.

Nianze na Kitale, maana ndio mji wenye sura ya zamani kupita mingine yetu. Ulianza mwaka 1908 kwa walowezi wa Kizungu, na reli ilipofika mwaka 1926 ukapata nguvu ya kukua. Uko juu, yapata mita 1,900, na upande wa magharibi umesimama Mlima Elgon wenye mita 4,321. Mpiga picha mgeni hushangaa kuona jua limepotea dakika kadhaa kabla ya saa yake, kumbe mlima umelipokea njiani. Hiyo si hasara. Jua liko nyuma ya mlima lakini mbingu bado ina nuru, na mlima wenyewe unasimama mweusi kutoka upande hadi upande kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Ukipanda orofa ya pili au ya tatu ya jengo lolote linaloelekea magharibi, kwa idhini ya mwenyewe, unapata katika picha moja mlima, paa za mabati, na mstari wa taa za maduka chini yake.

Kitale ni mji wa mahindi. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa hapo mwaka 1956, na maghala ya nafaka ndiyo majengo yake makubwa hasa. Majira ya mavuno, kuanzia Oktoba, malori na matrekta yenye matrela hupanga mstari kungoja kupima, na aghalabu usiku huwakuta mstarini. Hapo ndipo nilipopata picha ninayoipenda kuliko zote za Kitale: mbingu ya samawati, magunia yaliyofunikwa turubai, na dereva anayechemsha chai chini ya gari lake. Alikaa kimya sekunde nne bila kuambiwa, kwa sababu alikuwa amechoka.

Lakini msomaji atauliza, picha hizi zina faida gani kwa mkulima? Nitamjibu kwa mambo mawili. Nyumba ya Ajabu ya Unguja, Beit al-Ajaib, ilijengwa mwaka 1883 na Seyyid Barghash, na watu waliizoea ikiwaka taa usiku mbele ya Forodhani, wala hakuna aliyedhani itaondoka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaanguka. Aliyeipiga picha jioni moja kabla ya siku hiyo, kwa mchezo tu, leo anayo hati. La pili liko karibu nasi zaidi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilianza kutoa karatasi katika miaka ya 1970, na kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini taa zake ziliwaka usiku kucha, na moshi wake ukapanda juu ya taa hizo. Mwaka 2009 kikasimama. Kilipata wenyewe wapya mwaka 2016, lakini mji ule wa taa wa siku za zamu tatu haukurudi kama ulivyokuwa. Maelfu ya watu walilipa karo kwa mshahara wa kiwanda kile. Picha zake za mchana nimeziona nyingi: bomba, lango, wakubwa wanaozuru. Picha nzuri ya usiku wake sijapata kuiona hata moja, ingawa nimewauliza wengi waliofanya kazi pale.

Bungoma yenyewe ni habari nyingine. Hapa Elgon uko kaskazini, hauzuii jua, na jioni hufika wazi kabisa. Kazi kubwa iko Kanduyi, mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Eldoret kwenda Malaba inapita. Matrela ya Uganda, ya Rwanda na ya Kongo hupita hapo usiku na mchana. Wakati wa jioni, simama mbali na lami, acha jicho la kamera wazi sekunde kumi au kumi na tano, na lori lenyewe halitaonekana kabisa. Zitaonekana taa zake tu, nyeupe zikija na nyekundu zikienda, kama nyuzi zilizotandikwa barabarani. Vijana wanaipenda sana picha ya namna hii. Mimi, baada ya kuipiga mara tatu nne, naona inachosha, kwa maana nyuzi za Kanduyi hazina tofauti na nyuzi za Chicago. Napendelea kugeuza kamera upande wa pili, kwa wachoma mahindi na waendesha boda boda wanaongoja abiria wa basi la mwisho, ambao hawapatikani Chicago.

Wakati mzuri kuliko wote Bungoma ni baada ya mvua ya alasiri. Kwetu mvua hupenda kuanguka saa tisa au saa kumi, ikakatika kabla ya jua kuchwa. Vumbi limetulia, hewa imeoshwa, na lami ina maji. Kila taa iko mara mbili, moja juu na moja chini. Nchi yetu ina matope ya kutosha, basi na yatumike.

Yafaa niseme neno hapa juu ya sheria na usalama, kwa kifupi. Vituo vya polisi, magereza, kambi za askari na mahali palipowekwa ilani visipigwe picha, mchana wala usiku; na mtu mwenye kigoda cha miguu mitatu gizani hufanana na mwizi kwa mlinzi, na hufanana na mali kwa mwizi. Mimi husalimia kwanza walinzi wa zamu, huwaonyesha kamera na huwaeleza shughuli yangu, na huwa na mwenzangu.

Sasa nifike Bumula, ambako ndiko nilikokusudia kufika tangu mwanzo. Bumula si mji kwa kipimo cha mtu wa Nairobi. Ina maduka kando ya barabara, afisi za serikali, makanisa, na masoko yake yametawanyika kutoka Kimaeti hadi Khasoko na Siboti, miwa na mahindi yakiwa katikati. Lakini mji ni watu kukusanyika penye taa, na kwa maana hiyo Bumula huwa mji kila siku kwa muda wa saa mbili. Jua likichwa, wakina mama hutandika magunia yao: dagaa wa ziwa, samaki wa kukaanga, sukuma, ndizi, chapati zilizofunikwa kwa kitambaa. Taa zao ni mchanganyiko wa zama zote. Huyu ana koroboi ya mkebe, yule ana taa ndogo iliyoshiba jua mchana na sasa imening'inizwa kwenye kijiti, mwingine amesimamisha simu yake juu ya debe. Na juu ya masoko kadha wa kadha sasa imesimikwa ile taa ndefu ya mlingoti ambayo watu wameiita mulika mwizi.

Taa hiyo ndefu ni baraka kwa atembeaye, sibishani. Kwa picha ni adui. Inamwaga weupe wake kutoka juu, na vivuli vinaingia machoni mwa watu, kila mtu akawa na mashimo badala ya macho. Nitafute ukingo wa soko, mahali mwanga wake unapoishia na taa za magunia zinapoanza kutawala. Huko uso unaangazwa kutoka chini na kutoka karibu, kwa nuru ya mwenyewe.

Adui wa pili yuko mfukoni mwetu. Tangu kiasi cha mwaka 2018 simu nyingi zimewekewa ufundi wa kupiga picha za usiku: simu hupiga picha kadhaa upesi upesi, ikaziunganisha ziwe moja yenye nuru nyingi. Ni ufundi wa ajabu, nami nautumia. Lakini ukiuachia ufanye upendavyo, soko la saa mbili usiku litaonekana kama la saa kumi alasiri. Koroboi itakuwa doa jeupe lisilo kazi, na mtu aliyeikalia saa tatu akinusa moshi wake ataonekana kama ameiwasha kwa upuuzi. Punguza nuru kwa kidole mpaka giza lirudi mahali pake. Giza ni sehemu ya biashara ya mama yule.

Katika soko moja la huko, ambalo sitalitaja jina, palikuwa na mama aliyekaanga samaki kwenye jiko la mkaa, taa yake ikiwa imefungwa kwenye mwavuli. Nilimwendea kabla ya kutoa kamera.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe, Papa. Leo unanunua au unaandika?"

Nilimweleza ninalotaka. Alimgeuza samaki, akafikiri, akauliza picha itakwenda wapi. Nikasema labda gazetini. Akatikisa kichwa.

"Wewe ni mtu wa afisi," akasema. "Mchana nalipa ushuru, napewa karatasi yangu. Jioni hakuna wa kulipwa wala wa kunipa karatasi, lakini samaki hununuliwa jioni. Ukinipiga mchana, nani atajua ni saa ngapi? Ukinipiga hivi, na taa hii, kila mtu atajua."

Katika mashauri yote niliyosoma juu ya picha za usiku, sijaona jambo lililosemwa kwa ukweli kama hilo. Picha ya mchana haina saa. Ya jioni ina saa ndani yake, imeandikwa kwa rangi ya mbingu na kwa taa iliyowashwa, na yeyote anayeitazama aweza kuisoma. Mimi kuvutiwa na ile samawati kulikuwa ni furaha yangu tu. Kwa mama yule ilikuwa ni ushahidi, na ushahidi unaweza kumhama mtu kutoka kwenye gunia lake. Tena mimi sitozi ushuru, lakini dawati langu na la anayetoza yako katika uwanja mmoja, naye alilijua hilo.

Tukapatana hivi: nipige moto, kikaango na mikono, uso usiwemo. Nikalaza kamera juu ya mfuko wangu wa maharage, nikaifungua sekunde mbili. Mikono ilikuwa ikifanya kazi, haikutulia, basi ikatoka kama moshi. Kikaango kikatulia, makaa yakatulia, na samaki watatu wakaonekana mpaka magamba. Nilipoichapisha Bungoma nikampelekea nakala. Aliiinua kwenye taa.

"Mikono hii ni ya nani? Ya jini?" Akacheka mpaka akakohoa, akaikunja mara mbili akaitia katika mkebe wa fedha, chini ya noti.

Jirani yake, muuza ndizi, ambaye alikuwa amesikia yote, akasema yeye haogopi, analo lake la kulipa na analilipa, naye anataka apigwe uso mzima. Akaenda kuazima kilemba cha binti yake. Nikamwomba asogeze taa karibu na shavu, ashike pumzi kama aliye katika sala, asitikisike mpaka nimwambie. Ilikuwa dakika ya kumi na tano baada ya jua kuchwa. Juu ya bati la duka lililo nyuma yake palikuwa na kipande cha mbingu ambacho hakijawa cheusi. Alishika pumzi muda mrefu kuliko nilivyohitaji, na boda boda iliyopita nyuma yake ikaacha uzi mmoja mwekundu kando ya bega lake. Picha hiyo ndiyo niliyompelekea Bwana Mhariri. Ile ya mikono imebaki mkebeni.